Maziwa ya Nanaa kwa Siku Kuu

Kila ikikaribia Idd huulizwa na wanafunzi, na safari hii nimeulizwa hata na wazee wao, habari za maziwa ya nanaa: yale maziwa baridi, mazito, yenye povu juu na rangi ya kijani hafifu, ambayo baadhi ya nyumba za hapa Wawi huwapa wageni mahali pa soda. Mhariri wa gazeti letu ameniomba niyaeleze kwa maandishi. Mimi nafundisha kemia, sifundishi mapishi, na bila shaka wako mama wengi katika mji huu ambao mkono wao ni mtamu kuliko wangu. Lakini kinywaji hiki nusu yake ni ya jikoni na nusu yake ni ya maabara, na ile nusu ya pili ndiyo ambayo watu wengi huiruka.

Neno kubwa nitakalolisema ni hili: kinywaji hiki hunywewa baridi, lakini hutengenezwa kwa moto. Mtu akiuruka moto akaenda mbio kwenye barafu, atapata kitu kizuri cha kutazama, na pengine wageni wake watakesha chooni usiku wa Idd.

Nianze na nanaa yenyewe. Jina hili tumelipokea kutoka kwa Waarabu, na mmea wake twaujua sote. Hupandwa katika makopo na madebe yaliyotobolewa chini, karibu na mahali pa kuoshea vyombo, maana hupenda maji. Jani lake ukilitazama kwa kioo cha kukuzia utaona vijifuko vidogo sana juu ya ngozi yake. Ndani ya vijifuko hivyo mna mafuta, na mafuta hayo ndiyo harufu yote na ladha yote ya nanaa. Jani lililotolewa mafuta yake halina tofauti kubwa na jani la mchicha.

Ziko nanaa za aina nyingi. Ile ipandwayo sana majumbani aghalabu ni ile ambayo wataalamu huiita Mentha spicata, na sehemu kubwa ya mafuta yake ni kitu kiitwacho karvoni. Ile nyingine, Mentha piperita, ndiyo inayotoa ladha ya peremende, na mafuta yake yana mentoli kwa wingi. Wanafunzi wa kidato cha nne watapenda kujua kwamba karvoni ya nanaa ina ndugu yake katika kisibiti, kile kiungo ambacho mama zetu hukitia katika vyakula. Vitu hivi viwili vina atomi zile zile, kwa idadi ile ile, zilizofungamana kwa mpango ule ule. Ila kimoja ni kama mkono wa kulia na kingine kama mkono wa kushoto. Pua zetu hazidanganyiki. Mkono mmoja hunuka nanaa, na mwingine hunuka kisibiti. Nusa vyote viwili nyumbani leo, ndipo utakapoamini kwamba somo la kemia halimo vitabuni tu.

Mafuta ya namna hii yana tabia moja ambayo watu wa Wawi wasingehitaji kufundishwa, kwa kuwa wanaishi nayo. Hapa kwetu pana kiwanda cha makonyo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Apitaye karibu nacho kinapofanya kazi hujua bila kuambiwa. Mle ndani makonyo ya karafuu hutiwa katika mapipa makubwa, kisha hupitishiwa mvuke wa maji. Mvuke hupenya katika makonyo, huyachukua mafuta, na hupita nayo katika mabomba yanayopozwa kwa maji baridi. Hapo mvuke hugeuka tena kuwa maji, na mafuta hujitenga. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, basi huzama chini. Mafuta ya nanaa yangefanywa vivyo hivyo yangeelea juu, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji.

Sasa fikiri juu ya mtu anayechemsha nanaa jikoni kwa robo saa, sufuria ikiwa wazi. Huyo amefungua kiwanda cha makonyo kisicho na mabomba. Mvuke unayachukua mafuta na kuyapeleka dirishani, majirani wananusa na kusifu, na katika sufuria hubaki maji ya majani yenye uchungu. Ndiyo maana mara nyingi mtu hulalamika kwamba nyumba nzima ilinuka nanaa lakini kinywaji hakikuwa na ladha. Dawa yake ni ndogo: nanaa isichemshwe, na sufuria ifunikwe.

Na kwa nini maziwa? Kwa sababu mafuta huchanganyika na mafuta. Maziwa yana mafuta yake, matone madogo sana yaliyotawanyika, nayo huyanyonya mafuta ya nanaa vizuri kuliko maji matupu. Watu wengine wamelijua jambo hili zamani bila ya kemia. Waarabu na Wairani hunywa maziwa ya mgando yaliyotiwa maji, chumvi na nanaa kavu. Wahindi wanayo yao. Na Wamarekani wakati wa Krismasi hutia pipi za peremende katika maziwa na aiskrimu, wakayapigapiga katika mashine. Sisi tunayo nanaa mbichi mlangoni, basi sioni haja ya kununua pipi.

Tuje kwenye maziwa, nayo ndiyo sehemu ninayoomba wazee waisome polepole. Maziwa mengi tunayoyapata hapa hutoka kwa ng'ombe wa jirani, hukamuliwa alfajiri, hutiwa katika chupa au dumu, huletwa mlangoni. Ni maziwa mazuri. Lakini ng'ombe aonekanaye mzima aweza kuwa na kifua kikuu, au na ule ugonjwa wa brusela unaomletea mtu homa ya kupanda na kushuka, maumivu ya viungo na jasho la usiku, hata adhani ana malaria. Ugonjwa huo ulipata sifa mbaya katika kisiwa kidogo kama chetu, kisiwa cha Malta. Askari wa Kiingereza waliokaa huko waliugua kwa wingi. Daktari David Bruce alikiona kijidudu chake mwaka 1887, lakini hakuna aliyejua kinapita njia gani mpaka mwaka 1905, Daktari Themistocles Zammit, mtu wa Malta mwenyewe, alipokigundua katika mbuzi waliokuwa wazima kabisa machoni. Askari walikuwa wanakipata katika maziwa mabichi. (Bruce huyu ndiye aliyekwenda Uganda mwaka 1903 na kuonyesha kwamba ugonjwa wa malale huletwa na mbung'o, wanafunzi wa historia wasimsahau.)

Dawa ya hayo yote ni moto. Katika viwanda maziwa hupashwa nyuzi 63 kwa nusu saa, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, kisha hupozwa upesi. Nyumbani hatuna kipimajoto, basi tuyachemshe mpaka yafure na kupanda, tuyakoroge ili yasiungue chini, tuyaache yapande mara ya pili, basi. Kuyachemsha zaidi kwayaharibu ladha na hakuongezi faida kubwa.

Wako watu wasemao kwamba maziwa yakikaa frijini hayana haja ya kuchemshwa, maana baridi huua vijidudu. Hasha. Baridi haiui, baridi hulaza. Kijidudu kilicholala frijini huamka tumboni. Na barafu ni vivyo hivyo: maji machafu yakiganda huwa barafu chafu, wala weupe wake si ushahidi. Tusisahau mwaka 2015 na 2016, kipindupindu kilipoenea Unguja na Pemba, hata skuli zikafungwa mwezi wa Aprili 2016. Katika maradhi yale maji na barafu na vinywaji vya kuuzwa barabarani vilitazamwa kwa hofu, na haki yake. Idd ndiyo siku ambayo mtoto mmoja hunywa katika nyumba kumi. Nyumba moja ikifanya uzembe, ugonjwa hausemi ulitoka nyumba gani.

Basi sasa kazi yenyewe. Kwa bilauri tano au sita chukua maziwa lita moja na nusu, nanaa konzi mbili nzuri, sukari vijiko vinne vya chakula, na chumvi kidogo sana, ile ishikwayo kwa ncha za vidole viwili. Chumvi isionekane ulimini. Kazi yake ni kuukuza utamu wa sukari. Iliki sitii. Najua kwamba hapa maziwa bila iliki yaonekana kama mtu asiyevaa kofia siku ya Idd, na bibi mmoja wa jirani yangu hajanisamehe mpaka leo. Lakini iliki na nanaa zote mbili ni kali, na zikikutana hugombana. Chagua moja.

Anza siku moja kabla. Osha nanaa kwa maji mengi, jani kwa jani, kwa kuwa imekua karibu na ardhi na pengine imemwagiwa maji ya vyombo. Chemsha maziwa kama nilivyoeleza, tia sukari na chumvi, kisha yaepue. Ngoja dakika mbili tatu povu litue. Hapo tia konzi moja ya nanaa, uliyoifinya kidogo kwa mkono ili vijifuko vipasuke, na funika mara moja. Mfuniko uwe wa kukaa sawasawa. Ukiwa umepinda weka sahani na kitu kizito juu yake. Iache kwa dakika 15, isizidi 20. Ukiiacha zaidi majani huanza kutoa uchungu. Utakapofunua utaona matone chini ya mfuniko. Yarudishe sufuriani, maana ndiyo yale mafuta yaliyokuwa yakitafuta njia ya dirishani.

Chuja kwa chujio safi. Usiyakamue majani kwa nguvu kama unayekamua nazi, maana uchungu hutoka hapo.

Sasa ni wakati wa kupoza, na wakati huu ndio wa hatari kuliko wote, ingawa hauonekani hivyo. Maziwa yaliyochemshwa si kwamba hayana kijidudu hata kimoja. Vipo vingine ambavyo huvumilia moto kwa kujifunga katika ganda, kisha hufufuka maziwa yakiwa vuguvugu, na vingine huingia kutoka kwenye chujio na mikono. Kijidudu kikipata joto la kukifaa chaweza kuzaana mara mbili kwa dakika 20. Hesabu mwenyewe: kimoja kwa saa nne huwa 4,096. Kwa hiyo sufuria isiachwe jikoni mpaka ipoe yenyewe huku watu wakienda kusali na kurudi. Iweke katika beseni la maji baridi, koroga, badilisha maji yakipata moto, na baada ya nusu saa hivi maziwa yatakuwa tayari kuingia frijini.

Hapa nataka kutoa siri moja ambayo imenipatia sifa nyingi nisizostahili. Watu wengi wakitaka kinywaji kizito chenye baridi hutia vipande vya barafu ya maji katika blenda. Barafu huyeyuka, na ndani ya dakika kumi mgeni anakunywa maziwa ya maji. Mimi hugawa maziwa yangu mafungu mawili. Nusu hutiwa katika vyombo vya kugandishia barafu, au katika mifuko midogo kama ya malai, yakagandishwa usiku kucha. Nusu hukaa frijini yakiwa maji. Siku ya siku kuu vipande vya maziwa yaliyoganda hutiwa katika blenda pamoja na yale ya majimaji, yakasagwa kwa dakika moja. Hakuna tone la maji lililoongezwa. Hutoka kitu kizito, chenye povu, wala aiskrimu haikuhitajika. Anayetaka uzito zaidi na atie ndizi moja mbivu. Itapunguza hata haja ya sukari.

Kuhusu rangi. Maziwa yaliyolowekwa nanaa hutoka meupe, yenye kijani cha mbali tu. Watu wengine huona aibu na kutia rangi ya dukani, kinywaji kikawa chanikiwiti kama rangi ya mlango. Siipendi. Kijani halali hupatikana katika ile konzi ya pili ya nanaa. Itumbukize katika maji yanayochemka kwa sekunde 20, itoe, itumbukize mara moja katika maji baridi yaliyokwisha kuchemshwa, kisha isage pamoja na maziwa na uchuje. Moto mfupi huo huua vijidudu vya juu ya majani na huifanya rangi ikae. Ukizidisha moto, au ukitia kitu kichachu, kijani hugeuka hudhurungi. Sababu yake ni kwamba katikati ya kila chembe ya rangi ya majani imo atomi moja ya magnesiamu, na joto la muda mrefu na uchachu huing'oa. Ndiyo maana hata kisamvu kilichopikwa sana hakina kijani kile cha shambani.

Na kwa kuwa nimetaja uchachu: ndimu isikaribie kinywaji hiki. Nanaa na ndimu ni marafiki katika maji ya sukari, lakini ndimu ikiingia katika maziwa hukata maziwa, yakawa mabonge na maji.

Asiye na blenda asikate tamaa. Chukua chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko cha kukaza, tia maziwa baridi mpaka nusu, tia vipande vya maziwa yaliyoganda vilivyopondwa ndani ya kitambaa safi, funga, na mpe kijana mwenye nguvu aitikise kwa dakika tatu. Povu litapanda. Hata huko Marekani kinywaji cha namna hii kilikuwa cha kutikiswa kabla mashine hazijaja.

Na asiye na friji? Umeme wa gridi ya Taifa ulifika Pemba mwaka 2010 kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, na Norway ikasaidia gharama. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli. Hata hivyo si kila nyumba yenye waya ina friji, na umeme wenyewe una siku zake za kutoroka. Kwa nyumba hizo iko njia ya kale. Nunua barafu, ivunje, itie katika ndoo pamoja na chumvi ya mawe, na uzamishe ndani yake chupa ya maziwa iliyofungwa vizuri. Chumvi huiyeyusha barafu kwa nguvu, na barafu ikiyeyuka hunyang'anya joto la vitu vilivyo karibu nayo. Kwa kipimo kamili baridi yake yaweza kushuka mpaka karibu nyuzi 21 chini ya sufuri. Katika ndoo ya nyumbani hatufiki huko, lakini maziwa yataganda pembeni ya chupa, nawe utayakwangua kwa kijiko. Barafu hiyo haigusani na maziwa, basi hata ikiwa hukuigandisha wewe hapana neno, almuradi ufute mdomo wa chupa kabla ya kuifungua.

Utamu uonjwe baridi. Ulimi uliopoa hausikii sukari kama ulimi wenye joto, na maziwa yaliyokuwa matamu sufuriani huonekana yamepungua yakiganda. Wengi huongeza sukari hapo. Nashauri wasiongeze, kwa kuwa mezani tayari zipo halua, visheti, kaimati na tambi, na maziwa haya kazi yake ni kuupoza ule utamu. Nanaa yenyewe husaidia: mentoli huigusa mishipa ile ile ya fahamu inayopokea habari za baridi, hata ubongo ukadhani mdomo umepoa. Mlango wa habari hiyo katika chembe za mwili uligunduliwa mwaka 2002, na wawili kati ya wagunduzi wake, David Julius na Ardem Patapoutian, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa kazi zao juu ya joto, baridi na mguso. Nanaa yetu ya makopo haina mentoli nyingi, basi haitakupoza bila friji. Lakini asije mtu akadhani atapata nguvu zaidi kwa kutia mafuta makali ya peremende au mentoli ya kuchua. Hayo si ya jikoni, na kwa mtoto mchanga yaweza kuzuia pumzi.

Bilauri iwe ndogo. Watu wazima wengi wa Afrika hawawezi tena kuyeyusha sukari ya maziwa kama walivyokuwa wakinyonya, wakinywa mengi hujaa tumbo na kunguruma. Mgeni akisema maziwa hayamfai, asilazimishwe kwa heshima. Mtengenezee kwa tui la nazi. Hulowekwa na hupozwa kwa njia ile ile, ila likianza kuchemka likorogwe bila kuachwa, lisije likakatika.

Watoto watakaporudi kutoka Tibirinzi, jua likiwa bado kali, wape kwanza maji, kisha maziwa. Yaliyokaa mezani zaidi ya saa mbili katika joto letu yasirudishwe frijini. Ni afadhali kusaga kidogo kidogo kila wageni wanapoingia kuliko kujaza jagi asubuhi.

Asiye na shina la nanaa nyumbani na aje nyumba za walimu wakati wowote baada ya alasiri na kopo lake. Vikonyo ninavyo vingi. Kimoja kikisimamishwa katika bilauri ya maji dirishani, mbali na jua kali, huota mizizi kwa muda wa wiki moja au mbili, na kikipandwa sasa kitakuwa na majani ya kutosha Idd ijayo.